Dkt. Jerioth Chepkoech na Idara ya Rita

Wapendwa mliofika hapa Kator, Juba, kumsindikiza dada yangu, mimi ni Philip, mdogo wake, na familia imenituma niwasomee maisha yake bila kuyapamba.

Jerioth alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 Kapsabet, Kenya, akasoma sekondari Eldoret, ambako aliketi dawati moja na Rita, na kila mtihani Rita alikuwa wa kwanza, yeye wa pili, hali iliyowafuata hadi chuo kikuu Nairobi, walikosomea saikolojia wote wawili.

Tarehe 6 Agosti 1988 aliolewa na Mwalimu Akot, wakajaliwa Marvin na Adit, na baada ya mkataba wa amani wa Sudan wakahamia Juba mwaka 2006, akafundisha saikolojia katika chuo kidogo cha binafsi, huku Rita akiongoza idara kubwa Nairobi, na kila Rita alipohojiwa redioni, dada yangu aliizima redio.

Mwaka 2008 aliamua kupima idara za saikolojia za ukanda huu, akahesabu makala za utafiti zilizochapishwa, akagawanya kwa idadi ya wahadhiri, akitumaini ukubwa wa idara ya Rita utaiangusha, lakini haikuanguka, na kuhusu sifa aliwauliza wahadhiri wangempeleka mtoto wao idara gani, nao wengi wakaitaja hiyo hiyo. Mwalimu mwenzake Emilio, kwa kumhurumia, akamshauri, "Daktari, iondoe tu, useme hawakujibu." Akajibu, "Walijibu, tena wao ndio waliotangulia." Februari 2009 akachapisha matokeo, Rita juu kabisa, idara yake mwenyewe karibu na mkia, akarudi nyumbani akala peke yake jikoni, hataki kusemeshwa.

Januari 2010 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Mwezi Aprili Rita alikuja Juba kumwona, dada yangu akamshika mkono, akamwambia, "Rita, hata leo nakuonea wivu, wewe utazeeka." Rita akapanda kitandani akalala kando yake mpaka jioni. Jerioth alifariki Jumapili, tarehe 9 Mei 2010, nyumbani kwake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kator mliopika na kukesha nasi, walimu wenzake wakiongozwa na Emilio, na Profesa Rita, aliyemwosha na kumvika pamoja na Adit.

Dada, upumzike kwa amani.