Kivuva Ndeti na Mapipa Yaliyosimama

Tarehe 31 Desemba 1958, Bwana Kivuva Ndeti atakabidhi funguo za Bohari ya Mafuta ya Ndege hapa Kiboko, baada ya miaka kumi na saba ya utumishi. Nasema atazikabidhi, ingawa mimi sitaamini mpaka nizione mkononi mwa mtu mwingine. Kamati ya sherehe ya kumuaga imenipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa ndimi karani aliyekaa naye muda mrefu zaidi, na kwa kuwa wenzangu wote walisema wana kazi ya maana.

Bwana Kivuva alizaliwa Migwani. Aliajiriwa mwaka wa 1941, wakati wa vita, kupakua mapipa ya petroli ya ndege katika stesheni ya Makindu, na huko alijifunza jambo moja ambalo halijamtoka: nchi hii haina kiwanda cha kusafisha mafuta. Kila tone linakuja kwa meli hadi Mombasa, linapanda gari moshi hadi Makindu, linapanda lori, ndipo linatufikia. Sisi wengine tuliona safari. Yeye aliona mikono, na kila mkono uliogusa pipa ulikuwa na la kujibu.

Kwa hiyo hakumwamini mtu. Pipa likifika, alilipiga kwa fimbo akasikiliza, akanusa kizibo, kisha akajitilia tone moja juu ya mkono. Petroli safi humchoma mtu kwa baridi na kukauka papo hapo; iliyochanganywa na mafuta ya taa hubaki ikiteleza. Mazoea hayo yalimfuata hadi nje ya kazi. Siku ya harusi yangu, mbele ya wakwe zangu wote, alipewa maziwa, akajitilia tone mkononi, akalitazama, ndipo akanywa. Mama mkwe angali ananiuliza yule alikuwa daktari wa nini. Na tumbo langu hili, nililolipata kwa jasho, alikuwa akilipapasa kila jioni getini, nisije nikawa nimeficha kopo la petroli.

Sasa nije kwenye kisa ambacho yeye mwenyewe ameniamuru nisikiruke, la sivyo hatahudhuria sherehe.

Mwaka wa 1951 mambo yaliharibika huko Uajemi kunakotoka mafuta, na meli zikawa chache. Mwaka huohuo nzige walikuwa wakishukia mashamba ya Makueni, na ndege za kunyunyizia dawa zilitegemea mapipa yetu. Pipa likiharibika, hapakuwa na jingine. Bwana Kivuva akazidi kushuku. Mapipa yetu yalikuwa yakilazwa kwa ubavu, lakini yakilala hivyo sili zilizofunga vizibo hazionekani vizuri. Akaagiza yasimamishwe yote, ili kila asubuhi apite akizikagua. Yalipendeza kweli. Mimi niliyaita askari wa gwaride.

Mvua za Novemba zikaja kwa nguvu. Kisha asubuhi moja, tulipokuwa tukijaza ndege, ngozi ya kuchujia iliyokuwa ndani ya faneli, ambayo hupitisha petroli na kuzuia maji, ikabaki na maji. Tukafungua pipa la pili, maji. La tatu, maji. Ndege haikuruka, na siku hiyo nzige walikula mashamba tukiwatazama.

Sili zote zilikuwa nzima. Mtu mwingine angetulia hapo. Bwana Kivuva aliona kwamba mwizi anayeweza kufungua pipa bila kuvunja sili ni mwizi hodari kupita wote, na mikono iliyobeba mapipa kutoka Makindu ilikuwa ya mtu mmoja: Salim Faki, mwenye lori na duka. Lori likakatazwa kuingia. Habari ikafika Makindu kabla ya Salim mwenyewe, na watu wakaacha kununua dukani kwake hata kiberiti. Esha, mkewe, akawa anakaa peke yake nyuma ya meza akipangusa bidhaa ambazo hakuna aliyezigusa.

Salim hakugombana. Alikuja getini kwa miguu, akasema, "Mzee Kivuva, weka pipa moja unaloliamini, ulifunge wewe, tukae nalo sote wawili. Nione mwizi wako anavyoingia."

Bwana Kivuva alikubali upesi, maana alidhani amempata. Akachagua pipa safi, akalipiga sili kwa mkono wake, akalisimamisha uani penye jua kali. Wakaketi chini ya turubai, huyu huku, yule kule, kila mmoja akimchunga mwenzake. Alasiri mvua ikanyesha. Maji yakatuama juu ya pipa, yakakizunguka kizibo. Chuma kilikuwa cha moto. Kilipopoa ghafla, hewa ya ndani ikasinyaa, tukasikia kitu kama mtu anayevuta chai. Yale maji yakaanza kupungua. Pipa lilikuwa likinywa, na sili yake nzima.

Salim akalinyooshea kidole. "Haya, mkamate huyo."

Hakuna aliyecheka, hata mimi. Ijumaa iliyofuata Bwana Kivuva alienda Makindu, akasimama nje ya msikiti watu wakitoka, akavua kofia. "Salim hakuiba. Mimi ndiye niliyeyasimamisha mapipa." Kisha akaenda dukani kwa Esha, akanunua kiberiti, mtu asiyevuta sigara.

Jioni hiyohiyo mapipa yalilazwa, na lori la Salim likarudi. Msidhani Bwana Kivuva aliacha kushuku. Alijiongeza na yeye mwenyewe kwa washukiwa. Tangu hapo kila pipa hupimwa na mikono miwili, wake na wa aliyelileta, na hata mwaka wa 1956, mfereji wa Suez ulipofungwa, hakuna ndege iliyotua hapa ikakosa petroli safi.

Jana lori la Salim lilikuja kuchukua vitu vya Bwana Kivuva kwenda Migwani: viti, vyungu vya mkewe, mama Syokau, na sanduku ambalo hatujawahi kuambiwa lina nini. Nilisimama getini makusudi nimwone akikagua kamba. Hakutoka. Lori lilipita likaenda, la kwanza kupita geti hili bila yeye kulipapasa, naye alikuwa ndani akimfundisha atakayepokea funguo kupiga mapipa kwa fimbo.

Asante, Mzee Kivuva, kwa ndege zote zilizorudi salama. Nenda ukakae vyema na mama Syokau, mbaazi zako zistawi, na maziwa ukipewa, yanywe tu.