Peninah Nasimiyu, Aliyetaka Kujua Kama Umefika

Marehemu Peninah Nasimiyu alizaliwa tarehe 3 Machi 1966 huko Kimilili, binti wa marehemu Gerishon Makokha na Mama Nafula. Mama anasema tangu utotoni hakugusa chakula kabla kila mtu hajarudi nyumbani.

Alisomea Kimilili, kisha akahitimu shahada ya uhusiano wa kimataifa mwaka 1990.

Mwaka 1992 alifunga ndoa na Henry Oloo, fundi wa ndege. Walijaliwa Ann na Kevin. Sheria ya nyumba ilikuwa moja: ukisafiri, hata mtaa wa pili tu, umwandikie kwa simu "Nimefika."

Mwaka 2003 walihamia Doha, Qatar, akawa mhadhiri. Alichunguza jinsi Pakistan ilivyobadilisha sera yake ya nyuklia dhidi ya jirani yake India: mwanzo bomu kubwa la kuzuia vita kubwa, kisha, India ilipofikiria mashambulizi ya haraka, makombora madogo ya masafa mafupi, yaliyojaribiwa mwaka 2011. Jioni moja mezani, nyumbani kwao mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, Ann alimuuliza, "Lakini Mama, si hiyo ndogo ni afadhali?"

"Hiyo ndogo ndiyo inaninyima usingizi," akajibu. "Kubwa kila mtu anaogopa kuiguza."

Tarehe 27 Februari 2019 ndege za kivita za nchi hizo mbili zilipambana, na anga ya Pakistan ikafungwa. Henry alikuwa Lahore, Pakistan, akitengeneza ndege. Wanafunzi walipiga simu wakitaka ufafanuzi. Yeye, aliyefafanua miaka yote, alisema tu, "Mume wangu yuko huko," akakata. Simu ya Henry haikushika hadi kesho yake. Aliporudi Doha alisimama mlangoni, akaandika "Nimefika" kabla ya kubisha. Peninah alifungua akicheka na kulia pamoja.

Presha iliyokuwa ikimsumbua haikushuka tena. Tulimsihi aache kufuatilia habari, hakuweza. Alipatwa na kiharusi, akafariki hospitalini Doha tarehe 14 Agosti 2019. Inatuuma sana.

Ameacha mama yake Nafula, mumewe Henry, watoto Ann na Kevin, na kaka yake Wesley, anayesoma haya.

Jeneza liliposhushwa kutoka kwenye ndege Nairobi, Henry alitoa simu, akaandika kwa namba ya mkewe: "Tumefika, Mama Ann."

Sote tumerudi nyumbani, dada. Pumzika sasa kwa amani.