Lyu Tien-cheng, Mchora Mabango Aliyekataa Kupambwa

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tunayemzika leo ni kaka yangu mkubwa, Lyu Tien-cheng. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 huko Puzi, Chiayi, mtoto wa kwanza wa Mzee Lyu Chin-fa, mkulima wa miwa, na Mama Tsai A-hao.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Puzi. Mwalimu alimchapa kwa kosa la kumchora mcheza sinema pembeni mwa kitabu cha hesabu, kisha akauchana ukurasa ule akaenda nao kwake.

Mwaka 1966 alianza kujifunza kuchora mabango ya sinema mjini Chiayi. Kwa karibu miaka thelathini, nyuso zilizotazama barabara kuu ya mji huu zilitoka mkononi mwake. Tarehe 2 Juni 1994, akitundika bango, ngazi iliteleza. Uti wa mgongo ulivunjika, na hakusimama tena.

Alikuwa amefunga ndoa mwaka 1978 na Hung Mei-lan, fundi cherehani, wakapata mtoto mmoja, Chih-yuan. Wifi yangu alimuuguza bila kunung'unika mpaka yeye mwenyewe alipotutoka mwaka 2009.

Mwaka uliofuata tulimwajiri Wartinah, kutoka Cilacap, Java, aje kumhudumia. Wapo wanaodhani walipatana siku ya kwanza. Wapi! Kaka aliagiza supu ya nguruwe, ikaja chumvi tupu.

"We Wartinah, unataka kuniua? Huonji unachopika?"

"Nionje nguruwe, Babu? Dini yangu hairuhusu."

"Kwanza mimi si babu, sina mjukuu. Pili, ungesema mapema! Kesho pika samaki."

Tangu siku hiyo walikula sufuria moja, wakigombana mezani kama watoto wa mama mmoja.

Wakala aliyetuletea Wartinah alikuwa ametushauri tumfichie pasipoti asije akatoroka, nasi tukafuata. Kaka alipogundua, alimwita mwanawe. "Mrudishie leo hii. Mtu asiyeweza kuondoka, nitajuaje kama amependa kubaki?" Akampa na Jumapili zake za mapumziko. Wartinah alikwenda stesheni kuonana na wenzake, na jioni Kaka hakugusa chakula mpaka asimuliwe umbea wote.

Mwaka 2017 Bibi Kao Pei-shan alitengeneza filamu kutokana na maisha yao. Alipoionyesha hapa mjini kwa majaribio, tuliona mhudumu akipata habari kwamba mama yake ni mgonjwa, akakataa kwenda kwao, akabaki ameshika mkono wa tajiri wake. Ukumbi mzima ulilia. Bwana mmoja akasimama.

"Samahani, mimi siamini. Tajiri na mtumishi wake, urafiki gani huo?"

Kaka akaomba kipaza sauti.

"Hata mimi siamini. Mama yake alipougua kweli, nilimwambia nenda, na alikwenda. Alimkuta mama yake hai, akamuuguza, akamzika. Mimi nikalishwa na huyu dada yangu, nusura nife njaa." Watu wakacheka, mimi nikainama. "Angebaki, ningekuwa na mtumishi mwema. Alikwenda, akarudi kwa hiari yake. Hapo ndipo nilipojua nina rafiki."

"Nilirudi kwa sababu ulikuwa unakonda kwenye video ya simu!" Wartinah akadakia.

Wafadhili walilalamika kwamba bila machozi yale filamu haitauzika. Kaka alisema basi jina lake liondolewe. Bibi Pei-shan alipiga picha upya mwisho wote, na ndio huo mlioutazama. Sijui kama yule bwana alirudi kuutazama. Mimi niliutazama, na nilijivunia kuwa dada wa mtu yule.

Novemba 2022 mapafu yalianza kumsumbua. Alifariki hospitalini, Chiayi, mchana wa tarehe 14 Januari 2023, Chih-yuan akiwa upande mmoja wa kitanda na Wartinah upande wa pili.

Ameacha mwana, Chih-yuan, mkwe, Yu-ting, mimi mdogo wake, Su-yin, na Wartinah. Mchapaji wa tangazo la msiba aliuliza jina hili la mwisho aliandikie nini, mhudumu au mfanyakazi. Tulimwambia aandike rafiki.

Kaka, miaka ishirini na minane ulilazwa na kuinuliwa na mikono ya wengine. Leo umelala mwenyewe. Lala kwa amani.