Viatu Kando ya Bwawa

DADA: Haloo? Nani mwenzangu?

KAKA: Mimi, kaka'ko. Hii laini ya huku ugenini—

DADA: Eh! Mmetuacha, gari lenu hatulioni hata taa! Hilo kasri la pili mtalimaliza peke ye—

KAKA: Sikiliza kwanza. Mama leo amevaa viatu gani?

DADA: [anacheka] Makubwa! Muulize mwenyewe, si mko naye.

KAKA: Huku hayupo.

DADA: Acha utani, bwana.

KAKA: Tulipotoka kasri la kwanza nilimwona anaelekea kwenye gari lenu.

DADA: Akageuka! Alisema watoto wetu wana kelele, anahamia kwako—

KAKA: Na hamkuhesabu watu?

DADA: Wewe ulihesabu? Si yeye aliyetukaripia juzi, "Mimi si mbuzi wa kuhesabiwa"? Tukaapa wote kutomhesabu tena.

KAKA: Mlinzi wa bustani ya kasri lile amenipigia, namba yangu kaitoa kwenye tiketi. Ameokota viatu kando ya bwawa. Vyeusi. Kimoja kimeshonwa kwa uzi mwekundu.

DADA: Mungu wangu. Nilimshonea mimi.

KAKA: Haloo? Unakatika—

DADA: Magugu! Asubuhi nzima si alilalamika? "Bwawa zuri hivi wameliachia magugu!" Tukamcheka. Nikamwambia, Mama, bustani ya hospitali umeitunza miaka thelathini, umestaafu, pumzika.

KAKA: Dada—

DADA: Amevua viatu aingie kung'oa! Ndivyo alivyozoea. Maji yale yana kina gani?

KAKA: Sijui.

DADA: Mlinzi kasema nini tena? Usinifiche, kaka.

KAKA: Waliita gari la wagonjwa.

DADA: Alhamdu— basi yuko hospitali! Hospitali gani? Tunakwenda sasa hi—

KAKA: Limekuja, limeondoka tupu.

DADA: Tupu vipi?

KAKA: [mkwaruzo] ...wamemfunika shuka, wanasubiri ndugu.

DADA: Hapana. Hapana, kaka. Safari hii tulimfanyia yeye!

KAKA: Najua. Nyinyi ndio mko karibu. Mwambie shemeji ageuze, aendeshe polepole.

DADA: Watoto wananiuliza nalia nini. Niwaambieje?

KAKA: Usiwaambie chochote. Salio linakwisha. Mkifika, wasishuke garini. Umenisikia? Wasishu—

DADA: Kaka? Haloo? Kaka!