Fundi Macho na Midoli Iliyorudishwa Kwenye Boksi

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa nne wa mshona viatu na mkunga. Alitanguliza miguu, na bibi alizoea kusema kwamba tangu siku ile hakuwahi kuingia mahali kwa kufuata utaratibu.

Alianza shule mwaka 1966 na kumaliza darasa la saba mwaka 1972. Alitamani uuguzi, lakini baba yake alifariki mwaka huohuo, na masomo yakaishia hapo.

Juni 1979 aliajiriwa katika kiwanda cha midoli, kitengo cha kupachika macho. Wenzake wakambatiza Fundi Macho. Hata sisi wanawe, kabla hatujaenda shule, alituinua kidevu, akakagua jicho moja, kisha la pili, ndipo akaturuhusu kutoka.

Tarehe 3 Desemba 1983 alifunga ndoa na baba yetu, fundi umeme aliyeitwa kiwandani kutengeneza feni, akarudi mara tatu zaidi feni ikiwa nzima.

Mwaka 2006 kampuni ilianza ushirikiano na shirika la hisani lenye makao ya yatima. Kila Desemba mama alikwenda kugawa midoli. Mwaka wa tatu, msichana wa miaka sita hivi alimvuta sketi.

“Huyu nitabaki naye mpaka lini?”

Mama akamwambia ni wake moja kwa moja.

“Hapana. Mkiondoka na kamera, anarudi kwenye boksi.” Kisha akauliza kama mama angeweza kumpelekea salamu mama yake.

Yatima yule alikuwa na mama. Fundi Macho akaanza kuulizauliza, akagundua kwamba wengi wao walikuwa na wazazi, walioahidiwa kuwa watoto wanapelekwa shule. Alipomweleza meneja, alijibiwa kwa upole ashughulike na macho.

Aliacha kazi Februari 2009. Yeye, mwalimu mstaafu na wanawake sita wakawa wanasimama kila Ijumaa kwenye lango la kampuni na bango: “Vunjeni ushirikiano huu.” Wenzake wa zamani walipita wakiangalia chini. Kazi za baba zikapungua. Hakurudi nyuma.

Oktoba 2011 kampuni ilijitoa. Wakaguzi wa serikali walipofika kwenye makao siku iliyofuata, walikuta vitanda vitupu na uji ungali vuguvugu kwenye sufuria. Watoto walikuwa wamehamishwa. Kumi na wanne walipatikana baadaye. Yule msichana hakupatikana.

Watu walimpongeza mama, naye aliitikia kwa adabu tu. Lakini barabarani, akikutana na binti wa rika lile, alimkazia macho kupita kiasi, kisha akaomba radhi. Kila Desemba alitamka umri mpya: sasa ana kumi na mbili, sasa ana ishirini.

Agosti 2022 aligundulika na ugonjwa wa figo. Aliuguzwa kwa subira hadi asubuhi ya Jumanne, tarehe 9 Aprili 2024, alipofariki. Wiki moja kabla, alimwagiza bintiye anayesoma wasifu huu:

“Usiandike kwamba tulishinda.”

“Sasa niandike nini, mama?”

“Andika kwamba bado anatafutwa.”

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, dada mmoja, na wale wanawake wa Ijumaa, ambao leo wamembeba. Mwenyezi Mungu amlaze pema, na ampe usingizi alioukosa miaka hii yote.