Mama Benedetta Amoding wa Malaba, Ambaye Hakufa kwa Kipindupindu

Kabla ya yote, walio nje ya ua wasogee karibu wasikie vizuri: Mama Benedetta Amoding alikufa kwa ugonjwa wa moyo. Daktari ameandika hivyo, padre ametangaza hivyo kanisani, na wanawe wamesema hivyo kwa kila mtu aliyewapa pole akiwa upande wa pili wa barabara wiki hii. Ni kweli kwamba kipindupindu kimerudi huko ziwani mwaka huu. Ni kweli pia kwamba yeye hakuwa nacho. Mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja bila kuwachosha watu akili.

Marehemu alizaliwa Angurai mwaka wa 1926, mtoto wa tatu wa Mzee Omaset na Mama Naliaka. Baba alikuwa Mteso, mama Mbukusu, na bibi mzaa baba, aliyeishi nao, hakujua neno la Kibukusu wala hakutaka kulijua. Kwa hiyo mtoto Amoding alianza kazi ya ukalimani kabla ya kuota meno ya pili. Bibi akisema kwa Kiteso, "Mwambie mama yako uji wake ni maji ya kuoshea miguu," mtoto aligeuka na kusema kwa Kibukusu, "Bibi anauliza kama unga unatosha." Nyumba hiyo ilikaa kwa amani miaka mingi, na wanawake wale wawili walikufa kila mmoja akiamini kwamba mwenzake alikuwa na adabu.

Aliingia shule ya misheni mwaka wa 1936 akafika darasa la nne. Hapo aliondolewa, kwa sababu karo ilikuwa ya mtoto mmoja na nyumbani kulikuwa na mvulana. Hoja hiyo ilionekana nzito wakati ule. Alitoka akijua kusoma na kuandika Kiswahili, na Kiganda alijifunza baadaye sokoni kwa kubishana, njia ambayo haisahauliki.

Mwaka wa 1945 alifunga ndoa kanisani na Petro Echodu, kibarua wa reli, akahamia kwao hapa Malaba. Walijaliwa watoto wawili, Joash na Phelister. Bwana Echodu alifariki mwaka wa 1963. Mama Amoding alibaki katika boma hili, jirani na shemeji yake, Mzee Okwara, ndugu wa Bwana Echodu, na kila Jumapili jioni alikuwa na nafasi yake kwenye chungu cha ajono nyumbani kwa Mzee huyo. Wageni wetu kutoka mbali waelewe: hapa pombe ya wimbi hunywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Kila mtu ana mrija wake, na mirija yote hutundikwa ukutani kwa mwenye chungu. Mrija wako ukiwa pale, wewe ni mtu wa pale. Hakuna cheti kingine.

Kazi yake ilikuwa hoteli. Aliifungua mwaka wa 1964 kando ya barabara, karibu na mahali malori yanaposubiri kuvuka kwenda Uganda. Haikuwa na jina ila ilikuwa na benchi sita, na mara nyingi watu walikula wakiwa wamesimama. Madereva walimtania kwa lugha zote. "Mama, leo hii nyama ni ya ng'ombe ama ni ya tairi?" Naye alijibu bila kugeuka, "Ni ya dereva wa jana. Alikuwa na maswali mengi kama wewe."

Sasa tufike mwaka wa 1975, ambao wengi waliosimama hapa wangependa urukwe.

Mwezi wa Mei mwaka huo kipindupindu kilikuwa kimeshasikika pande zote. Asubuhi moja dereva mmoja, Dalmas Okal, alianguka kutoka kwenye benchi hotelini. Taniboi wake alikimbia na funguo za lori. Watu wakakusanyika na kutoa maoni. Hatimaye akawekwa kwenye mkokoteni, na vijana wakausukuma kwa miti mirefu ya ua ili wasimguse, hadi katikati ya daraja la mpakani. Upande wa Uganda watu walikuwa wanangoja, nao wakiwa na miti yao.

"Rudisheni! Huyo ni wenu!"

"Wetu wapi? Lori ilikuwa inakuja kwenu!"

"Lori ije. Yeye abaki!"

"Huyu ni Mjaluo, muangalie!"

"Hata sisi tuko na Wajaluo wetu, wanatutosha!"

Mkokoteni ulikwenda na kurudi huku mgonjwa akiwa ndani yake, akisikia kila neno. Ndipo Mama Amoding alipofika akipangusa mikono kwenye leso.

"Mmemaliza kucheza?" aliuliza. "Kama si wa huku na si wa huko, basi ni wangu. Pisheni."

Akaushika mkokoteni kwa mikono yake, akampeleka nyumbani. Wakati wote alimnywesha uji mwepesi na maji ya chumvi na sukari, kama muuguzi wa dispensari alivyoelekeza, mpaka Okal akapona.

Mtu aliyetembea anaweza kuwahakikishia kwamba Malaba haiko peke yake. Bandarini hulaumiwa mabaharia, kambini hulaumiwa wakimbizi, mijini hulaumiwa watu wa mashamba. Kila mahali ugonjwa hupewa kabila, na kila mahali kabila hilo ni la jirani. Lakini mtu hutarajia makubwa zaidi kutoka kwa watu wa kwao, na hiyo ndiyo hasara ya kuwa na kwao.

Wiki hiyo hiyo Mzee Okwara aliziba njia ya chemchemi ya kijiji kwa miiba ili Mama Amoding asichote. Jumapili, mbele ya wanywaji wote, aliutoa mrija wa shemeji yake ukutani.

"Shemeji, usikaribie chungu. Hapa kuko na watoto wa watu."

"Na mrija wangu?"

"Utakaa kwangu ndani mpaka hii maneno iishe."

Mama Amoding aligeuka akaenda zake. Alichota maji kwenye tangi la stesheni ya reli, mwendo mrefu, akayachemsha. Na chemchemi iliyolindwa kwa miiba dhidi yake? Watu walikuwa wameona anavyotendewa mwenye mgonjwa, kwa hiyo kila nyumba iliyopata mgonjwa ilimficha. Nguo zake zikafuliwa alfajiri, hapo hapo chemchemini, mtu asije akajua. Kijiji kikaendelea kunywa maji hayo kikisifu miiba.

Ugonjwa ukaingia kwa Mzee Okwara mwenyewe. Binti yake Jentrix aliletwa kwenye mkeka, akalazwa nje ya lango la Mama Amoding, na Mzee akapiga kelele kutoka mbali:

"Shemeji! Nimekuachia mtoto hapo!"

"Unaniachia kama mzigo wa stesheni? Mzee, wewe huna mikono?"

Alitoka akamwingiza. Baada ya Jentrix wengine pia waliachwa langoni, na wote aliwaingiza. Si wote waliopona, lakini hakuna aliyekufa bila mtu kumshika mkono. Mvua kubwa ziliisha, maneno yakaisha, miiba ikaoza. Mrija haukurudi. Kila Jumapili jioni, kwa karibu miaka mitatu, Mama Amoding alisikia vicheko vya chungu akiwa mlangoni kwake.

Moyo ulianza kumsumbua Oktoba 1976. Alilazwa hospitalini mara kadhaa, na mara ya mwisho Joash alimwuliza kama aende kwa Mzee Okwara kuudai mrija. Alimjibu, "Usiudai. Kitu kikidaiwa, kinarudi peke yake. Mimi nataka kirudi na mtu." Alifariki asubuhi ya Jumatatu, tarehe 13 Februari 1978, akiwa na Phelister. Mwili wake uliogeshwa na Jentrix, ambaye sasa ameolewa Khunyangu na ambaye hakuuliza mtu yeyote kama ni salama.

Marehemu ameacha mwana, Joash, binti, Phelister, wajukuu watano, ndugu yake mmoja huko Angurai, shemeji yake, Mzee Okwara, na jamaa yake yote, pamoja na madereva wengi wasiojua kupika.

Mwishoni mwa programu hii mtaona wabebaji wa jeneza: Joash, Dalmas Okal, na madereva wawili wenzake walioacha malori yao kwenye foleni. Hao ni wanne na jeneza linataka sita. Nafasi mbili zilizobaki wazi hazikusahauliwa na mpiga chapa.

Jana mchana, kabla karatasi hizi hazijapelekwa kuchapwa mjini Busia, Mzee Okwara alifika. Hakuingia. Aliuegemeza mrija kwenye nguzo ya lango akasema, "Mwambieni nimeuleta." Phelister alimjibu, "Mwambie mwenyewe, Baba. Jeneza litafungwa kesho saa nne." Mzee akauchukua tena ule mrija aliokuja kuurudisha, akaenda nao.

Nafasi ya tano ni yake Mzee Okwara. Ya sita ni ya yeyote aliyewahi kulazwa langoni kwa huyu mama, na mnajijua. Yeye hakumwacha mtu nje. Msimwache juu ya ardhi. Mkimshusha kwa mikono yenu, Mama Benedetta Amoding atapumzika kwa amani.