Vipande vya Ukuta wa Bi Shariffa

Waombolezaji wenzangu, mimi ni Joab, kakake marehemu, familia imenipa wasifu huu nisome, na kwa kuwa sijui kuzungukazunguka, nitasema yaliyokuwa.

Mbeyu Kahindi alizaliwa Tononoka tarehe 14 Machi 1979, kitinda mimba wetu, akasoma papo hapo mtaani, akamaliza sekondari mwaka 1997, akasomea fizikia, na tangu 2005 akafundisha chuoni hapa Mombasa. Tarehe 12 Agosti 2006 alifunga ndoa na Jared, kanisani Ganjoni, wakajaliwa Naomi, 2008, na Mirriam, 2011.

Kazi yake wengi hamkuielewa, alipiga picha za eksirei za vitu vidogo mno, kwenye sinkrotroni, mtambo wa duara ulioko Ulaya, mpana kuliko uwanja wa mpira, wenye miale mikali hata vijitundu ndani ya punje ya chokaa vikaonekana. Mwaka 2022 ilipotakwa kubomolewa nyumba ya Bi Shariffa, rafiki wa mama yetu, kule Mji wa Kale, ati kuta zimechoka, Mbeyu alibandua vipande vya ukuta avipime, akavikausha kwenye oveni kwa ajili ya safari, akaenda navyo, na Bi Shariffa akawatangazia watu wa Makadara kwamba ukuta wake umepanda ndege kabla yake mwenyewe. Picha zilitoka zimejaa nyufa, wenzake wakashangilia jibu kupatikana, nyumba ikawa ya kubomolewa, lakini yeye alipotazama tena aliona kila ufa umeanzia kwenye chembe ya chumvi, akajua kuta zetu zimenywa chumvi ya bahari, na kule kuvikausha vipande haraka ndiko kulikoigandisha ikapasua chokaa. Akawaambia waziwazi, hizi si nyufa za ukuta, ni za oveni yangu, kosa ni langu. Wako waliomshauri anyamaze asijiharibie jina, wengine mmeketi hapa, chakula kipo, karibuni.

Alingoja zamu nyingine ya mtambo hadi Juni 2024, akapeleka vipande vingine na unyevu wake, picha zikaonyesha chokaa imeshikana, nyumba ikaachwa isibomolewe.

Januari 2025 aligunduliwa kuwa na kansa ya kongosho, akatutoka Jumanne tarehe 7 Oktoba, nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa Jared.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Tononoka, walimu wenzake, na Bi Shariffa, aliyemletea uji kila asubuhi, uliopikwa ndani ya kuta zile zile.

Pumzika kwa amani, Mbeyu, nyumba imesimama.